Mkono wa Kushoto wa Mwanaidi

Mtani wangu Kondo,

Nimekasirika, na ninakuandikia nikiwa katika hasira hiyo hiyo, kwa sababu nikiiacha ipoe nitaanza kukusifu, na wewe hukuwa mtu wa kusifiwa. Umekufa katikati ya msimu. Mnyamwezi mwenye adabu hafanyi hivyo. Sisi tungengoja mechi ya mwisho, tukasikia matokeo, tukabishana, ndipo tukafa. Lakini nyinyi Wazaramo ndivyo mlivyo: mnaondoka ngoma ikiwa imenoga, mnawaachia wageni kazi ya kukunja mikeka.

Kwenye maziko yako nilitimiza wajibu wangu. Jeneza lilipokuwa linatolewa nyumbani, nilisimama mlangoni nikatangaza kwamba Mzaramo huyu hatoki mpaka watani wapewe chao. Kijana mmoja wa ukweni kwako, asiyeyajua mambo haya, alitaka kunisukuma. Dada yako mkubwa akamkemea: "Mwache! Huyo ndiye Mnyamwezi wetu." Nikapewa kofia yako. Niliivaa upande kama ulivyokuwa ukiivaa, nikatembea kwa ule mwendo wako wa bata aliyeshiba, nikawanyoshea wabebaji kidole na kuwalaumu kwamba wanambeba mchezaji wa akiba kwa heshima ya nahodha. Watu walicheka huku machozi yanawatoka. Mjukuu wako Mwanaidi alicheka, kisha akaficha uso begani kwa mama yake. Hiyo ndiyo kazi ya mtani. Ndugu hulia; mtani huwakumbusha kwamba bado wana meno.

Baadaye tulikuvusha Magogoni, tukakulaza Kigamboni kwa wazee wako, nami nikarudi na pantoni nikiwa sina wa kumtukana.

Hasira yangu haikuanzia hapo. Ilianza Mwanaidi aliporudi uwanjani. Lakini nikukumbushe kwanza tulikuwa tumefika wapi, ili usije ukadai kwamba nimepindisha habari.

Msimu ulipoanza, Mwanaidi ndiye aliyekuwa mgeni katika timu yetu ya kikapu ya Nyangumi. Alikuwa na miguu mizuri na kichwa kibovu. Alidunda mpira kwa mkono wa kulia tu, macho yakiwa chini kama mtu aliyedondosha sindano. Kila mlinzi wa timu pinzani aliligundua hilo kabla ya robo ya kwanza kwisha. Alimzibia kulia, na mtoto akabaki anazunguka kama kuku aliyefungwa kamba mguuni. Pale kibarazani kwetu, kwenye kijiwe cha kahawa nyuma ya Mtaa wa Nyamwezi, mtaa ambao wewe ulikuwa ukisema sisi wapagazi tulipewa ili tusipotee njia ya kurudi Tabora, Side muuza mabegi alimwita mzigo. Jayanti mwenye duka la viatu alisema apewe muda. Wewe, babu yake mzazi, ulisema asipewe muda wala maji.

Na uwanjani ulikuwa mbaya zaidi. Ulisimama kwenye mstari wa pembeni, umeshika fimbo ambayo hukuihitaji, ukipaza sauti mpaka wasukuma mikokoteni wa nje ya ukuta wakageuka: "Wewe Mwanaidi! Huo mkono wa kushoto umeuazima? Basi urudishe kwa mwenyewe!" Mtoto alikasirika. Akikasirika alidunda kwa kushoto. Alipoteza mpira, akaangaliwa na kocha kwa jicho kali, akadunda tena kwa kushoto.

Kila baada ya mechi alipita kibarazani, begi begani, akatuamkia sote: "Shikamooni." Kisha alisimama kusikiliza kesi yake. Wewe ndiwe uliyeiweka ile sheria, kwamba hapa hakuna kusema mchezaji amepanda bila kuutaja mpira wenyewe: ulikuwa upande gani, nani alikuwa anamkaba, na alifanya nini ambacho wiki iliyopita hakukiweza. Side alishindwa kwa sheria hiyo kila mara, kwa kuwa yeye huona mechi nzima kama moshi. Mwanaidi naye alikuwa na ruhusa ya kujitetea. Siku moja alikuambia, "Babu, wewe hata kikombe cha kahawa unakishika kwa kulia tu, mbona hatukuzomei?" Ukacheka mpaka kahawa ikakumwagikia kanzuni, ukamlaumu muuza kahawa.

Halafu ikaja mechi na wale wasichana wa Temeke. Alikwenda kushoto, akawapita wawili, akatoa pasi bila kumtazama anayempa. Jayanti aliutaja mpira huo kibarazani kwa ufasaha wote, kama wakili. Hata Side akakiri. Wewe ukakunja uso ukasema mpira mmoja si mkono, ni bahati. Lakini tulipokuwa tunarudi kwa miguu kuelekea Mchafukoge, ulinishika kiwiko ukaniuliza kwa sauti ndogo, "Mwalimu, umeuona ule?" Nikajibu kwamba nimeuona. Hukuniachia kiwiko mpaka mlangoni kwako. Wiki hiyo hiyo ukafa.

Sasa nikueleze walichokifanya.

Mwanaidi alirudi kuvaa jezi baada ya arobaini yako. Alikuwa amekonda kidogo na mkono wa kushoto umelala kabisa, umemning'inia kama wa mtu mwingine. Hilo silishangai. Mtu akifiwa, mwili husahau. Kinachonikera ni watu. Alipogusa mpira mara ya kwanza, wakapiga makofi. Akautoa mpira nje, wakapiga makofi. Alitembea na mpira hatua ambazo hata mtoto wa darasa la pili angeziona, na mwamuzi akaumeza ule uchu wa filimbi ambao waamuzi wote wanao, akatazama paa la jirani. Ulikuwa uwanja mzima wa watu wazima wanaodanganya kwa pamoja bila kupanga.

Katika robo ya mwisho alikimbilia kikapu, kwa kulia bila shaka. Mbele yake alikuwa amesimama mlinzi wao mrefu, yule mwenye viwiko ambaye mwanzoni mwa msimu alimwangusha Mwanaidi mpaka goti likachubuka. Kondo, yule msichana alimpisha. Alisogea pembeni kwa adabu, kama mtu anayempisha bibi mlangoni. Mwanaidi akafunga. Uwanja ukalipuka kwa shangwe. Na yeye akabaki amesimama chini ya kikapu, mikono chini, hakurudi hata kulinda.

Mimi nimesahihisha madaftari maisha yangu yote ya kazi. Naujua uso wa mtoto aliyepewa alama ambayo si yake. Nilitamani kushuka uwanjani na kumrudishia yule mwenye viwiko viwiko vyake.

Jioni kibarazani nikamkuta Side ameshaanza. "Dogo kapanda, wazee. Leo kaua. Noma sana." Nikamuuliza, mpira upi? Akasema, "Kaua tu, Mwalimu, mambo mengine si ya kuulizana." Nikasema kwamba hajapanda, ameshuka, na nikataja mipira: ule alioutoa nje kwenye kona ya upande wa shule, ule alioibiwa akiwa hana mtu mbele yake, ule wa kupishwa. Side akasimama. "Mwalimu, unazingua. Mtu kafiwa na babu yake, wewe unahesabu mipira! Huna hata huruma?" Muuza kahawa akanijazia kikombe bila kunitazama. Hata Jayanti, ambaye kwa miaka yote amekuwa akija na chupa yake ya chai ya tangawizi kwa kuwa kahawa yetu humkera tumbo, alifunga kifuniko cha chupa akasema, "Mwalimu, mwache mtoto apumue kwanza. Mpira upo tu."

Nikamjibu kwamba mpira upo, lakini Mwanaidi hatakuwepo. Hakunielewa siku hiyo.

Halafu mtoto mwenyewe akapita. "Shikamooni." Kwa pamoja wakainuka kama wanafunzi mkaguzi anapoingia. Mmoja akampa soda. Mwingine akamfutia vumbi kwenye benchi. "Pole mwanetu." "Mungu akutie nguvu." Alikataa kukaa. Alisimama pale anaposimama siku zote, begi begani, akingoja. Alingoja sana. Mwishowe akauliza, "Leo hakuna kesi?" Side akamwambia, "Kesi gani tena, dada? Umeua." Akanigeukia mimi. Nami nilikuwa nimeshafungua mdomo, lakini wazee wawili wakanishika mkono, mmoja kila upande, wakaanza kuniuliza habari za wajukuu wangu. Alipoondoka aliiacha ile soda juu ya benchi, imejaa. Baada ya hapo hakupita tena. Alikuwa akizungukia Msimbazi ili asituone.

Niliwatukana siku hiyo, Kondo. Niliwatukana kwa Kiswahili ambacho sijawahi kukifundisha.

Hayo hayakutosha. Kocha naye alikuja kibarazani kunywa kahawa, akatangaza kama mtu anayegawa sadaka kwamba msimu ujao Mwanaidi atabaki kikosini "kwa heshima ya mzee wetu marehemu". Watu wakamshukuru. Wengine walimpa mkono! Kwa heshima yako! Wewe ambaye ulimtaka amweke benchi kwa pasi moja ya uvivu. Wewe uliyemwambia kocha huyo huyo kwamba akimpendelea mjukuu wako utaacha kuja uwanjani na utahamia kwenye karata. Wamekugeuza kuwa kiti cha bure cha mtoto. Kama ungesikia ungevunja ile fimbo ambayo hukuihitaji.

Na wewe nakulaumu. Ndiyo, wewe. Ulijua kwamba katika mji huu wote ni wewe peke yako uliyekuwa na ruhusa ya kumkemea mtoto huyu bila mtu kukuuliza. Hukumwachia mtu ruhusa hiyo. Ulifikiri utaishi milele, kama Wazaramo wote wanavyofikiri.

Siku chache kabla ya mechi ya mwisho, Jayanti alinifuata nyumbani. Hakuwahi kuja kwangu bila kupiga simu. Alisimama mlangoni, hakutaka kuketi. Akanieleza kwamba Mwanaidi alikuja dukani kwake Mchafukoge na vile viatu vya kikapu alivyonunua kwake mwanzoni mwa msimu, amevifuta vizuri, akamwomba ampe msichana mwingine ambaye vitamfaa. Jayanti akamuuliza kwa nini. Akamjibu, "Baba Jayanti, mimi nikimaliza mechi ya Jumamosi siji tena. Pale siku hizi sichezi. Pale naliliwa."

Jayanti aliirudia kauli hiyo mara mbili, kana kwamba mimi ndiye niliyehitaji kuisikia. Kisha akasema, "Tumemharibu mtoto, Mwalimu. Kwa mikono yetu. Kwa makofi." Sijawahi kumwona mtu mpole akiwa na hasira namna ile. Nikamwambia vile viatu aje navyo uwanjani.

Usiku... la, sitakuongopea kwamba nilikosa usingizi. Nililala vizuri sana. Nilikuwa nimekwisha kukumbuka jambo ambalo hasira ilikuwa imenifichia. Mwanaidi ni Mzaramo. Mimi ni Mnyamwezi. Wengine wote pale wanadaiwa kumpa pole. Mimi sidaiwi. Ruhusa yako ilikufa nawe, lakini mimi nilikuwa na yangu, na nilikuwa nimeitumia siku ya maziko kisha nikaikunja kama kanzu ya sikukuu, wakati kazi ilikuwa bado.

Jumamosi uwanja ulijaa. Dada yako mkubwa alikuwepo na wanawake wa kwenu, wamevaa kanga sare. Makofi yakaanza hata kabla ya mpira. Mwanaidi alivaa viatu vyake. Jayanti ndiye aliyemkabidhi mkononi. Robo ya kwanza ikapita, mkono wa kushoto umelala. Robo ya pili ikapita. Wapinzani wakawa wanampisha, sisi tunashangilia. Mpira ulipotoka nje upande wetu, akaja kuurusha ndani, akasimama hatua mbili hivi mbele yangu. Nikasimama juu ya benchi, kwa umri huu, nikapaza sauti:

"Wewe Mzaramo! Huo mkono wa kushoto mmeuzika pamoja na babu yako?"

Kondo, makofi yalikatika pale pale. Nilimsikia muuza karanga akiweka sinia chini. Mwanamke mmoja akasema, "Astaghfirullah." Side akanishika shati kwa nyuma: "Mzee, shuka! Shuka, toka nje, umevuka mpaka!" Mwamuzi akanitazama kana kwamba anatafuta kanuni ya kunifukuza. Na Mwanaidi akawa ameukumbatia mpira, ananitazama, uso wake sikuweza kuusoma. Kwa muda huo, nakuambia ukweli, niliogopa. Kama angelia, nisingekuwa na mahali pa kwenda katika Kariakoo hii.

Hakulia. Aliweka mpira kiunoni, akanipandisha na kunishusha kwa macho, na kwa sauti iliyofika mpaka kwenye ghorofa za jirani akasema:

"Na wewe Mnyamwezi, nani kakuambia upande juu? Shuka utue mzigo wako, Tabora bado mbali!"

Dada yako ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka akajifunika kanga usoni. Kisha wanawake wote wa kwenu wakaangua kicheko, wakanitupia maneno ambayo siwezi kuyaandika kwa kuwa ninaandika barua ya heshima. Side aliniachia shati. Nilimsikia akisema, kwa mshangao wa mtu wa mjini aliyezaliwa juzi, "Kumbe ni watani?" Kumbe! Amekaa nasi kibarazani miaka yote akidhani tunachukiana.

Mwanaidi akaurusha mpira ndani, akaudai tena, akaenda kushoto. Yule aliyekuwa anamkaba, ambaye naye alikuwa amecheka, akausahau msiba. Akampokonya mpira safi kabisa na kwenda kufunga. Hakuna aliyepiga makofi. Mwanaidi alirudi nyuma anakimbia, kwa mara ya kwanza tangu ufe, akimfokea mwenzake kwamba hakumsaidia. Safari iliyofuata akaenda kushoto tena. Akapigwa kiwiko. Mwamuzi akapuliza. Akanyanyuka mwenyewe. Baadaye, sikumbuki ni robo ipi na sina haja, akaenda kushoto, mlinzi akamfuata kwa nguvu zote bila kumpisha hata unyayo, akampita.

Tulifungwa. Tulifungwa kihalali, na Nyangumi hawakustahili kushinda. Sijawahi kutoka uwanjani nikiwa na raha namna ile baada ya kufungwa, na bado nilikuwa na hasira, maana njia nzima wanawake wa kwenu walinifuata wakiimba kwamba Mnyamwezi kaangusha furushi.

Alikuja kibarazani. Hakuzungukia Msimbazi. "Shikamooni." Side akainuka kumpisha benchi, nikamwambia aketi, hapa hapishwi mtu. Kesi ikafunguliwa. Side, kwa aibu, akautaja mpira mmoja, akaukosea upande. Jayanti akamsahihisha. Mwanaidi akabisha kwamba ule wa kwanza hakupokonywa kwa udhaifu, mwenzake alichelewa. Nikamwambia mwenzake hakuchelewa, yeye ndiye aliyeinamisha kichwa tena. Tukabishana mpaka kahawa ikaisha. Aliponiuliza kama amepanda, nilimwambia hapana: amerudi tu alipokuwa wiki uliyokufa, na mtu hasifiwi kwa kurudi nyumbani kwake. Akaniambia nimezeeka vibaya. Akatupa begi begani akaenda zake, na viatu vyake vimo ndani.

Kocha nimemweleza mambo mawili matatu kuhusu heshima. Amekubali kwamba msimu ujao Mwanaidi atajaribiwa kama wote, na asipofaa atoke. Mama yake alipopewa habari hiyo alinuna. Mwanaidi, nimeambiwa, alisema, "Afadhali."

Basi lala, mtani. Sijakusamehe kwa kuondoka, na usinitume kumpa mtu salamu. Dua unasomewa na wanao, na wanazisoma vizuri kuliko ambavyo mimi ningeweza. Mimi nakuahidi ninachokiweza. Wengine wamempa mjukuu wako pole mpaka ikataka kumuua. Mimi nitampa ukali, mbele za watu, msimu hadi msimu, mpaka siku atakaponikalisha chini yeye mwenyewe kwa mchezo wake na kuniambia ameshiba.

Wako katika ubishi,

Mwalimu Maganga